Siku Kumi na Nne Bila Debe

Katika kazi yangu, kitu chochote ambacho rada imekiona bila kutakiwa huitwa uchafu. Tuna daftari la kituo lenye jalada gumu, na katika kila ukurasa kuna safu ya mwisho inayouliza sababu. Kwa miaka sita nimeijaza safu hiyo bila kusita. Lori limepita, uchafu. Umeme umekatika na kurudi, uchafu. Popo, uchafu. Sikuwahi kujiuliza mara mbili, mpaka msimu ule nilipotakiwa kumwandika mama yangu mzazi.

Nasema mapema kwamba nina hasira, ili msomaji asije akadhani zimenitoka kwa bahati mbaya. Wapo watu hapa Kibiti wanaoniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yajayo nitayaganga, lakini hiyo ndwele nataka ijulikane ilitoka wapi.

Kituo chetu kiko ukingoni mwa bonde, pale njia ya udongo inapoiacha mikorosho na kuanza kuteremkia mtoni. Ukikiona hutakisifia. Ni uzio wa seng'enge, kibanda cha matofali chenye kompyuta, jenereta, na katikati jukwaa la antena lililolala chali, pana kama sebule ya nyumba ya kawaida. Hakuna sahani inayozunguka kama watu wanavyotarajia. Rada inatuma mawimbi ya redio juu, halafu inasikiliza. Hewa haiko sawasawa. Ina mabaka ya joto na unyevu, na mabaka hayo hurudisha mwangwi mdogo sana. Kwa kuusikiliza mwangwi huo tunajua upepo unakwenda wapi na kwa kasi gani, kuanzia juu kidogo ya minazi mpaka juu ya mawingu. Zaidi ya hapo tunajua kama hewa yenyewe inapanda au inashuka.

Huko kupanda na kushuka ndiko kulikonifanya niipende kazi. Upepo ukitoka kusini ukavigonga vilima vya Umatumbi, hewa husukumwa juu. Ikifika juu inajikuta nzito kuliko majirani zake, inashuka. Ikishuka inapitiliza, inasukumwa tena. Basi inakwenda hivyo hivyo, juu na chini, kilomita baada ya kilomita, na mtu aliye chini hana habari. Nilipomweleza mama kwa mara ya kwanza nilimwambia afikirie ndoo ya maji kichwani. Ukikanyaga vibaya mara moja, maji yanayumba hata hatua kumi mbele, ingawa wewe umeshatulia. Mama akauliza kwa nini basi wasiweke jani juu ya maji, kama watu wote. Nilicheka sana siku hiyo.

Mawimbi hayo si mchezo. Yanabeba nguvu ya huku chini na kuipeleka juu kabisa, na yakipita juu ya visiwa vya delta huweza kuamsha wingu ambalo utabiri haukulijua, watu wa Mbwera na Maparoni wakaloweshewa kamba wao waliowaanika. Nayaheshimu mawimbi. Nataka hilo nalo lijulikane, maana baadaye nilisemwa kwamba sijali sayansi.

Mama analima bondeni, chini kidogo ya kituo, shamba alilolikuta kwa mama yake. Mpunga ukianza kutia maziwa, anahamia huko moja kwa moja. Anakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, chenye ngazi, mkeka na paa la makuti. Mimi mwenyewe nimekulia juu ya dungu na nimeangukia chini ya dungu, na kovu ninalo. Kazi ya huko ni moja, kuamia, yaani kuwafukuza kwelea. Ni vindege vya kahawia ambavyo kimoja hakijazi kiganja, lakini wakija wanakuja wingu zima, na wakiinuka wamekuachia makapi. Wanafika na mwanga wa kwanza, watu wakiwa ndio kwanza wametoka kwenye swala ya alfajiri. Silaha ya mkulima ni debe, teo ya kurushia udongo, na koo lake mwenyewe.

Kuamia kuna adabu yake, na naomba msomaji aishike. Humfukuzii mwenzako ndege kimyakimya. Ukiwainua shambani kwako, unaita, ili mwenye dungu linalofuata ajiweke tayari na debe lake. Wakitua kwake anawainua, naye anaita, anawapeleka mbele. Kwa upande wa kituo kulikuwa na madungu manne yaliyojipanga kuufuata mkondo wa maji, na la mama lilikuwa la pili. Ndege walisukumwa dungu hadi dungu mpaka la mwisho, wakazunguka juu, wakarudi la kwanza, mpaka jua likikolea wachoke na kwenda zao. Mtu aliyelala zamu yake akaacha kundi litulie alisemwa mwaka mzima, na watoto wake wakasemwa naye.

Msimu ule mafuriko yaliondoka na mpunga wa kwanza ukiwa na urefu wa kidole. Maji yalipopungua mama akafungua mtungi wa mbegu, akapanda tena, na mtungi ukabaki mtupu. Mbegu hiyo si ya dukani. Ni mpunga mrefu wenye ndevu nyekundu, alioupokea kwa bibi, na bibi kwa mama yake. Ukishakua hausumbuliwi na maji, na ukiwa jikoni jirani anajua bila kuambiwa. Watu wengi bondeni waliuacha kwa sababu unachelewa kuiva. Mama hakuuacha. Kwa hiyo mbegu yote ya bibi ilikuwa imesimama katika shamba moja, chini ya rada yangu, na hapakuwa na punje nyingine popote. Shamba lile likiliwa, mpunga ule umekwisha duniani kwa kadiri ya ukoo wetu.

Ndipo wageni wakaja. Msimamizi wa mradi wa rada yetu alikuwa mtu wa chuoni, tulimwita Profesa, na jina lake halinihusu tena. Alikuja na wataalamu wawili kutoka ng'ambo, wakae wiki tatu, wapime mawimbi yanayotoka vilimani tangu yakiwa chini karibu na ardhi mpaka juu kabisa. Ilitakiwa rada iende bila kukatika, asubuhi, mchana na usiku. Nilihakikisha jenereta lina mafuta, nikafyeka majani ndani ya uzio, nikafagia mpaka mashimo ya panya. Nilikuwa na furaha kama mtu mwenye harusi nyumbani kwake.

Siku ya tatu Profesa alipata wimbi. Kwenye skrini, kulipokucha, katika tabaka la chini, ilitokea mistari iliyopangana vizuri: juu, chini, juu, chini, kila mmoja kama dakika kumi. Siku ya nne ikatokea tena, saa ileile. Profesa akaita wageni, wakasimama nyuma ya kiti changu wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Akasema hili halijaandikwa popote, ni wimbi linalozaliwa na bonde lenyewe jua linapochomoza. Akalipa na jina, wimbi la alfajiri. Akachora kwenye ubao jinsi hewa ya baridi inavyotiririka kuelekea mtoni na kurudi. Mchoro ulikuwa mzuri. Hata mimi niliuamini.

Kilichonigutusha ni mwanya. Kila siku, kama saa moja na robo asubuhi, wimbi lilikatika, likakaa kimya robo saa, kisha likaendelea. Profesa alisema hiyo ni hewa inajipanga upya. Mimi niliutazama ule mwanya mpaka chai ikapoa. Saa moja na robo ndiyo saa mama anayoshuka ngazi kwenda kukoroga uji. Akiwa chini hapigi debe. Kundi likitupwa kwake na dungu la kwanza linatua, linakula, na la tatu halipati kitu cha kuinua. Mimi ndiye niliyekuwa nikikemewa kwa mwanya huohuo nilipokuwa na miaka tisa, nikiachiwa zamu na kusinzia.

Kesho yake sikuingia ndani. Nilisimama nje ya uzio na saa na karatasi, nikaandika kila mwito niliousikia kutoka bondeni: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha wa kwanza tena. Halafu nikarudi kwenye skrini. Vililingana kama vifungo na vitundu vyake. Wimbi la alfajiri lilikuwa kwelea wakipelekwa na debe, na watu wanne wenye adabu.

Nilimweleza Profesa faraghani, kwa heshima, maana mkubwa hasahihishwi mbele ya wageni wake. Nikampa na karatasi yangu. Nikamwonyesha mwanya na kumwambia dungu la pili ni la mama yangu, na huo ni uji unakorogwa. Nilidhani atacheka. Nilidhani atasema afadhali umeniambia kabla sijaaibika mkutanoni. Hilo ndilo kosa langu, na sidhani kama mtu asiyekulia juu ya dungu angelifanya. Kwetu ukiwaona ndege unaita, ukiamini aliye mbele yako atachukua zamu yake kwa haki. Mimi niliita.

Aliikunja karatasi yangu mara nne.

"Kwa hiyo," akasema, "tatizo ni watu."

Zilipita siku mbili tukaitwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Barua ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa mhuri, na mimi, kwa kuwa ndiye mwenyeji, nilipewa kazi ya kuwagawia nakala wenye madungu manne. Niligawa. Mpaka leo nikikumbuka mkono wangu ukimkabidhi mama karatasi ile natamani kuukata. Barua ilisema kwamba kwa siku kumi na nne, kwa maslahi ya utafiti, hakuna kupiga debe, hakuna kurusha teo, hakuna kupiga kelele katika mashamba yanayopakana na kituo. Mradi utaleta nyavu za kufunikia mpunga.

Profesa alieleza kuhusu mawimbi kwa mikono yote miwili. Nilijua anachokisema ni kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema pia kwamba hawezi tu kuzikata zile saa za asubuhi, kwa sababu wimbi la vilimani linaweza kuanza usiku na kwisha mchana, na ukilikata katikati halisomeki. Mama alinyoosha mkono. Akasema mpunga wake umebakiza wiki tatu, akaomba mawimbi yasubiri kidogo auvune. Profesa akatabasamu, akasema mawimbi hayasubiri mtu.

"Na ndege je?" mama akauliza. "Wao wanasubiri?"

Watu walicheka. Mtendaji akasema tusifanye mzaha kwenye kikao, akafunga.

Alasiri ile nilimfuata mama dunguni, nikamwambia apige debe lake kama kawaida, barua aifungie vitumbua. Alikuwa anasuka ukindu. Hakuinua uso.

"Miye nikipiga debe, weye utafukuzwa. Watasema mama'ke ndo anaharibu."

"Wacha nifukuzwe, mama."

"Wanao wanakula kwa kazi hiyo. N'tanyamaza. Siku kumi na nne si mwaka."

Asubuhi ya kwanza bonde lilikucha kimya. Sikuwahi kulisikia hivyo tangu nizaliwe. Ilikuwa kama nyumba yenye msiba kabla watu hawajaanza kulia. Skrini ilikuwa safi, na Profesa alipiga makofi. Ya pili ikawa safi. Siku ya tatu kwelea walijua. Ndege si wajinga, na shamba lisilopiga kelele ni habari inayosafiri. Walikuja wa kwetu, wakaja wa ng'ambo ya mto, wakaja wa sijui wapi. Siku ya nne walikuwa wakiinuka wenyewe na kutua wenyewe asubuhi hadi jioni, kwa kuwa hakuna aliyewapangia zamu. Kule chini kwenye skrini, mahali tulipokuwa tukiona mistari ya alfajiri peke yake, sasa palikuwa na madoa ya siku nzima, kama shati la fundi gereji.

Wenye madungu mengine watatu walikata mpunga wao ukiwa nusu mbichi, wakaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Mbegu yao ni ile ya kila mtu. Mwakani wataomba popote. Mama hakuweza. Punje iliyokatwa mbichi inaliwa lakini haioti, naye alichokuwa akikingoja pale ni mbegu. Akabaki peke yake juu ya dungu. Barua ilikataza kelele, haikukataza khanga, basi alisimama akipunga khanga kimya kimya, tangu kunapambazuka mpaka jua la utosini. Ndege waliogopa upande alioupungia, wakala upande mwingine. Bega lake la kulia likavimba mpaka akawa anakula kwa kulishwa.

Niliulizia nyavu. Niliambiwa ziko njiani. Siku ya sita niliomba ruhusa, nikapanda boti Nyamisati mpaka Mbwera, kwa mjomba wangu anayevua kamba. Alinisikiliza, akanitukana kidogo kwa kufanya kazi na watu wasio na akili, kisha akanipa nyavu zake kuukuu. Tukakaa kibarazani tukiziba matundu kwa nyuzi, mimi na yeye, siku nzima. Akasema katika maisha yake hajawahi kupeleka wavu wa kamba kwenda kulinda wali. Niliporudi, nyavu zilitosha kufunika kona moja ya shamba, si zaidi ya ukumbi wa madrasa. Tukaifunika. Kwelea wakala kilichobaki huku wakitutazama.

Siku ya tisa upepo wa kusini ulikuja. Nilijua tangu asubuhi, maana juu ya vilima mawingu yalikuwa yamejipanga mistari, mmoja nyuma ya mwingine, yamenyooka kama matuta ya muhogo. Ukiona hivyo unaliona wimbi kwa macho yako. Hilo ndilo walilolifuata wageni kutoka ng'ambo, na mimi nimelingoja miaka sita nilione likipanda kutoka ardhini. Nilikimbilia kwenye skrini. Juu sana kulikuwa na vipande vyake, vizuri, vinapanda na kushuka taratibu. Chini, pale lilipoanzia, rada ilikuwa ikisoma matumbo ya kwelea walioshiba mpunga wa mama.

Nililia mbele ya wageni, sikujali. Nikamwambia Profesa kwamba madebe ndiyo yaliyokuwa yakituwekea anga wazi, kwamba ndege walikuwa wakisumbua saa mbili tu za asubuhi na sasa wanasumbua siku nzima, na kwamba akiwaruhusu watu waite leo, kesho kutwa skrini itakuwa safi mchana kutwa. Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema jaribio halibadilishwi katikati. Barua ilisema kumi na nne, zitakuwa kumi na nne, la sivyo hataweza kulinganisha. Alisema kwa upole kabisa. Nimewahi kutukanwa na watu na nikasahau, lakini upole ule sijausahau.

Siku ya kumi na nne ilipokwisha nilishuka bondeni. Suke la mpunga lililojaa huinama. Ya mama yalikuwa yamesimama wima, shamba zima, mepesi, yakichezeshwa na upepo. Mama alikuwa ameinua kona ya wavu na anachambua suke kwa suke, akiweka yaliyokomaa ndani ya bakuli la kulia uji. Bakuli halikujaa.

Nyavu za mradi zilifika siku mbili baada ya hapo, mafungu mawili bado yamo ndani ya nailoni. Ziko stoo. Natumia moja kukalia.

Kabla wageni hawajaondoka Profesa aliandaa tafrija ya shukrani kituoni, soda na pilau, akaalika wanakijiji. Michoro ilibandikwa ukutani, wiki ya kwanza upande mmoja, wiki mbili za kimya upande mwingine. Mama alikuja amevaa vizuri. Hakula. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaniita nimsomee. Nikamwonyesha mistari ya alfajiri, dungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nikamwonyesha mwanya.

"Hapo nilishuka kukoroga uji," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akausogeza mkono polepole mpaka kwenye madoa. "Na hapa?"

"Hapa ulinyamaza."

Akataka kujua chini pameandikwa nini. Nikamsomea. Paliandikwa kwamba sehemu kubwa ya vipimo iliharibiwa na uchafu wa viumbe hai usiotarajiwa.

"Haukutarajiwa na nani?" mama akauliza.

Chumba kizima kilisikia. Profesa alikuwa pale pale na sahani yake, akaanza kueleza kwamba katika lugha ya kitaalamu neno hilo lina maana yake. Mama alimngoja amalize, kama anavyomngoja kila mtu. Kisha akanigeukia mimi.

"Andika kwamba nilikatazwa."

Nikafungua daftari la kituo mbele yao, nikatafuta kurasa za siku zile kumi na nne, ambazo safu zake za mwisho zilikuwa bado wazi kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuzijaza. Nikaandika katika kila moja: ndege, kwa kuwa wenye mashamba walikatazwa kuamia. Mara kumi na nne, kwa kalamu ya wino. Wageni walipoondoka Profesa aliniita, akaniambia nifute. Nikamkumbusha sheria aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza: daftari la kituo halifutwi; anayetaka kurekebisha apige mstari mmoja juu ya maneno, aandike lililo sahihi, aweke jina na saini. Nikamsogezea kalamu. Aliitazama, akatazama daftari, akatoka nje kupiga simu. Maneno yangu yako pale mpaka leo, hayana mstari.

Sikufukuzwa. Nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuliwasha jenereta lile. Profesa amerudi chuoni, anatazama skrini yetu kwa mtandao.

Msimu huu mama amepanda lile bakuli. Shamba lake limekuwa na ukubwa wa mikeka mitatu, katikati ya ardhi tupu, na ukilitazama kutoka barabarani utadhani mtu ametupa majani pale. Lakini dungu lake ni lilelile, na ni la pili vilevile. Wenzake watatu hawakumruka. Wakiinua ndege wanamwita kwa sauti kamili, kama mtu mwenye ekari, naye anawapokea, anapiga debe kwa mkono wa kushoto, anaita, anawapeleka mbele. Ndevu nyekundu zimeanza kutokeza.

Jana mistari ya alfajiri ilirudi kwenye skrini, na jioni nikapokea ujumbe kutoka chuoni. Unasema uchafu umeanza tena, niushughulikie mapema safari hii.

Leo asubuhi niliketi mbele ya skrini na daftari. Ilipofika saa moja na robo mistari ilianza kukatika. Nilijua mama ameshuka kukoroga uji, na nilijua kundi limetua juu ya mikeka mitatu ya mbegu ya bibi. Nikachukua sufuria la kituo, lile la chai, nikatoka nje mpaka kwenye uzio, nikalipiga kwa mwiko na kuita kwa koo langu lote, robo saa nzima, mpaka nilipomwona anapanda ngazi. Halafu nikarudi ndani. Kwenye skrini hapakuwa na mwanya.

Kwenye safu ya sababu nikaandika: mimi. Nikaweka saini.